Nyumba Tuliyoikimbiza

4 Machi 1996

Kwa Dada,

Nakuandikia nikiwa karakana, karatasi nimeiweka juu ya kitanda cha mteja ambacho bado hakijapakwa vanishi. Ukikuta maranda ndani ya bahasha usidhani ni zawadi, yameingia yenyewe. Huku sisi wazima. Wifi yako anakusalimu na anasema lile gauni ulilomletea limeanza kumbana, ila kosa si la fundi cherehani, ni la sahani. Watoto wakiona bahasha yoyote wanauliza shangazi anakuja lini. Baba kifua kinamsumbua asubuhi, mchana anakisahau. Macho ndiyo yanazidi kuingia ukungu. Gazeti ananipa mimi nimsomee, kisha anagombana na mimi kama vile ndimi niliyeliandika.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Baba ameamua nyumba iandikwe jina lako. Umesoma vizuri, usirudie mstari. Tumekaa, tumezungumza, tumeona ndiyo haki. Mabati yale yametoka kwenye mshahara wako, na dari, na mlango wa mbele. Miaka yote watu wanasema nyumba ya mwashi ni ya mtoto wake wa kiume, na mimi nimenyamaza kwa sababu maneno hayo yalinifaa. Nimechoka kunyamaza.

Fomu za kupokea zimo humu. Weka sahihi palipo na alama ya penseli, tia picha mbili ndogo, sehemu ya tarehe iache wazi. Naomba zirudi kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako,
Msumari


19 Machi 1996

Kwa Msumari, ingawa nasikia siku hizi una kitambi na jina halikufai tena,

Salamu zenu zimefika zote, hata za maranda. Mwambie wifi yangu gauni alilete nikija, kwenye mishono ya ubavuni niliacha kitambaa cha akiba maana namjua. Mimi nipo. Mashine moja ya kufulia imekufa hapa hospitali na fundi wake anatusumbua na ahadi, kwa hiyo mashuka ya wodi mbili tunayafua kwa mikono. Vidole vimekunjamana kama nimelala mtoni.

Barua yako niliisoma nimesimama mbele ya pasi kubwa. Shuka likaungua. Ni la kwanza tangu nianze kazi hii, na msimamizi alipoona machozi akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, nimepewa nyumba. Akasema basi nyinyi kwenu mnafurahi vibaya.

Msumari, nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Siku naolewa, Baba alinifungia sanduku kwa kamba, huku anafunga akasema mtoto wa kike ni mgeni kwao. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekumbusha saa ya basi. Lakini neno lile nimetembea nalo. Shemeji yako alipofariki, watu waliniuliza kwa nini sirudi nyumbani, vyumba vipo. Mgeni harudi bila kualikwa. Nikapanga hiki chumba kimoja nikakaa.

Fomu ninazo mezani, bado sijaweka sahihi. Sikatai hata kidogo. Nataka kwanza maneno ya Baba mwenyewe. Yaandike kama alivyoyatamka, usiyapige randa.

Dada yako


2 Aprili 1996

Kwa Dada,

Pole na mashuka. Hapa mvua imeanza na mbao zangu zimelowa kwenye ncha, ila si kitu. Mtoto wa pili ameng'oka jino, amelihifadhi ili akuoneshe.

Nimemsomea Baba barua yako, lakini pale kwenye sanduku na kamba nilipita haraka. Nilipomuuliza maneno yake, alikizungusha kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha akasema hivi, bado anakuita mama kama zamani, nami nayaandika bila kuongeza: "Mwambie mama nilikosea. Nilijenga vyumba vinne nikasahau kwamba nina watoto wawili. Nilikuwa natamani kumpa tangu alipofiwa, nikawa namwogopa huyu kijana, nisije kumvunja moyo. Leo mwenyewe ameleta neno. Mwambie arudi wakati wowote, asibishe hodi."

Nakuapia sikumtia maneno mdomoni. Alipomaliza alitoka nje akawa anapapasa ukuta wa mbele kama anampapasa ng'ombe.

Weka sahihi, Dada. Siku zinakwenda, na ofisi ya ardhi ina foleni. Nakusihi sana iwe wiki hii.

Msumari


14 Aprili 1996

Kwa Msumari,

Maneno ya Baba nimeyakata kwenye barua yako kwa mkasi, nimeyatia kwenye kitambulisho changu cha kazi. Sina la kuongeza hapo.

Lakini barua iliyobaki baada ya kuyakata nimeisoma tena. Barua mbili, na ndani yake umeniharakisha mara tatu. Unaniambia tarehe niiache wazi. Mtu anayetoa zawadi hamkimbizi anayepewa. Mimi nimekulea, nimekubeba mgongoni mpaka mgongo ukaota sugu. Ulipokuwa mdogo, ukivunja kitu, ulikuwa unakuja jikoni kunisaidia kuosha vyombo bila kuitwa. Nikiona tu umeshika vyombo najua kuna kitu kimevunjika.

Nani anakukimbiza?

Wasalimie wote. Jino alihifadhi vizuri.

Dada yako


29 Aprili 1996

Kwa Dada,

Nimeanza barua hii mara nne. Watoto wazima, Baba mzima, wifi yako anakusalimu.

Nina deni. Mwaka juzi nilichukua mkopo kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, nikanunua mashine ya randa. Nilikuwa nimepata kazi ya madawati mia na ishirini ya shule. Kazi kama ile fundi anaipata mara moja akashukuru maisha yake yote. Mbao zilitaka miezi mitatu zikauke. Marejesho ya mkopo yalianza mwezi wa pili tu baada ya kukopa. Mkopo haungoji mbao, Dada. Nikapiga randa mbao mbichi. Madawati yalitoka mazuri, ungeyaona ungejivuna. Baada ya wiki sita darasani yakaanza kupinda, mengine yakapasuka katikati. Mwalimu mkuu aliponiita niliyakuta yamerundikwa uwanjani kama kuni, wanafunzi wanayachungulia na mimi wananichungulia. Nusu ya malipo iliyobaki sikupewa. Kukopa harusi, kulipa matanga, nilikuwa nausema kwa wengine. Mashine yenyewe chama kimeshaibeba na deni halijaisha.

Februari mwaka huu afisa mikopo alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha Baba, akaangalia dari. Akauliza nyumba ni ya nani. Nikamwambia ya mzee. Akasema, "Na mzee akiondoka itakuwa ya nani?" Baba alikuwa anakohoa chumbani, yule bwana akasikiliza kikohozi mpaka kikaisha. Ndipo nikaenda kwa yule mzee wa taipureta anayekaa nje ya mahakama. Akanishauri Baba aiandike kwa binti, na tarehe irudishwe nyuma.

Baba hajui habari ya deni. Nilimwambia tu kwamba wewe unastahili. Na unastahili, Dada, hilo si uongo. Deni ni langu peke yangu, wewe halikugusi. Nisaidie tuikimbize nyumba.

Msumari


23 Mei 1996

Kwa Msumari,

Umesubiri, najua. Na mimi nilikuwa nasubiri hasira ipungue, imepungua kidogo tu.

Kwa hiyo mimi ni kabati. Umepata kitu cha kuficha, ukatazama huku na huku, ukaliona kabati. Nimelia mara mbili kwa barua zako na machozi hayafanani. Laiti ungeniambia deni kwanza na nyumba baadaye, ningeweka sahihi siku ile ile na moyo wangu ungebaki mahali pake.

Lakini Baba hajadanganya. Hilo nimelishika. Wewe umetoa kwa sababu yako, yeye ametoa kwa sababu yake, na ya kwake ndiyo niliyoipokea. Fomu hizi hapa na picha zangu. Tarehe nimeijaza mwenyewe, ya leo. Sitaanza kukaa kwenye nyumba ya baba yangu kwa tarehe ya uongo.

Nakuuliza mara moja, nawe unijibu. Je, kuna jambo jingine? Lolote. Dawa ya deni ni kulipa, na hapa nilipo nina akiba ndogo, tunaweza kupunguza pole pole. Ila niujue mzigo wote. Usinipe kichwa ukaficha mkia.

Nimemtumia Baba dawa ya kifua kwa mkono wa dereva wa hospitali. Asinywe na chai.

Dada yako


11 Juni 1996

Kwa Dada mwenye nyumba wetu,

Imekamilika! Dawa imefika, Baba anainywa na chai, usimgombeze.

Siku ya kuandikishana alivaa koti la arusi yake, lile lenye kifungo kimoja. Mbele ya karani wa ardhi na majirani wawili wa kushuhudia, alipoambiwa aweke dole gumba, alisema kwanza ana hotuba. Karani akacheka, akamwambia mzee, foleni ndefu. Baba akasema, "Nimekaa kimya tangu nilipomwoza, miaka kumi na tisa, foleni itangoja dakika moja." Akaeleza jinsi alivyoijenga, tofali kwa tofali, na jinsi ulivyokuwa unamletea maji ya kuchanganyia saruji ukiwa na miaka saba. Alisema ndoo ilikuwa kubwa kuliko wewe. Karani hakucheka tena. Tangu hapo kila apitaye barabarani anaambiwa kwamba hapa sasa ni kwa binti yake.

Chumba cha mbele tumekisafisha, ni chako. Uje hata kwa siku tatu.

Wifi yako na watoto wanakusalimu sana.

Msumari


3 Agosti 1996

Kwa Msumari,

Salamu kwenu nyote. Huku baridi, mashuka hayakauki. Nilikuwa nimeomba likizo ya wiki ili nije nilale kwenye chumba cha mbele, sasa nimeirudisha.

Barua ya mwisho hukunijibu swali langu. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta jibu, nikakuta hotuba ya Baba tu. Ilikuwa hotuba nzuri.

Basi nauliza jingine, hili ni fupi. Mtu akikopa kwenye chama hupewa fomu ya mdhamini. Mdhamini wako alikuwa nani?

Dada yako


17 Agosti 1996

Kwa Dada,

Sisi wazima kabisa. Mtoto wa kwanza amekuwa wa tatu darasani, walimu wanasema akiacha maneno atakuwa wa kwanza. Bei ya vanishi imepanda. Baba amejenga kibaraza kidogo mbele ya chumba chako ili ukija uote jua, kimeinama upande mmoja kwa sababu ya macho yake, lakini tumekisifu.

Mambo ya mdhamini ni ya fomu tu, karani mwenyewe alisema ni jina la kujazia nafasi. Usijisumbue nayo.

Ni mimi,
Msumari


30 Agosti 1996

Kwa Msumari,

Nilikupa mlango mara mbili ukaufunga. Sasa nasema mwenyewe.

Mwishoni mwa Julai niliitwa ofisini kwa mhasibu. Mkononi alikuwa na barua ya chama chenu. Ndani yake kuna fomu ya mdhamini yenye picha yangu, ile iliyobaki tulipokuwa tunafuatilia mafao ya marehemu shemeji yako. Namba yangu ya kazi ipo. Sahihi yangu ipo. Imeandikwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Niliitazama nikamwambia mhasibu nitamjibu, nikarudi kwenye mashuka nikakunja hadi saa ya kutoka. Ndiyo maana niliuliza. Nilitaka unijibu wewe, si karatasi.

Sikiliza sasa maana muda umekwisha. Nimempigia simu karani wa chama kutoka posta. Anasema mdhamini anadaiwa kama mkopaji. Nikamuuliza nyumba. Akasema, "Mama, nyumba ingebaki kwa mzee tusingeigusa. Mzee hatumdai. Sasa ni ya mdhamini, tutaigusa." Umesikia, Msumari? Ilikuwa salama pale ilipokuwa. Tumeruka majivu tukakanyaga moto, na Baba tumempitisha humo humo.

Njoo. Tarehe ishirini Septemba wameniita. Njoo twende pamoja, tuzungumze nao, pengine watakubali makato ya mshahara wangu. Nauli naiweka humu. Sitakupigia kelele.

Dada yako


12 Oktoba 1996

Kwa Msumari,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Wifi yangu ameniandikia kwamba uliondoka Septemba ukisema unafuata kazi, na yeye amewachukua watoto amekwenda kwa wazazi wake. Baba yuko peke yake na jirani anampelekea chakula. Nitaipeleka kwa wifi, naye ataipitisha kwako kama anajua pa kuipitisha.

Nauli nadhani ulifika nayo mahali.

Tarehe ishirini nilikwenda mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tano, kila mlango ukifunguka nageuka. Mwanasheria wao ni kijana mpole, amefunga tai vizuri. Makato alikataa, akasema mshahara wangu ungemaliza deni nikiwa nimeshastaafu. Kisha akaiweka ile fomu mbele yangu, akaitazama sahihi, akanitazama mimi. Nafikiri alijua. Akasema, "Mama, kama hii si yako, sema sasa. Utaondoka hapa huna deni, na nyumba yako hatuigusi. Ila aliyeiandika tutampeleka polisi, na kwa kughushi hakuna faini, ni kifungo."

Nikafikiria chumba cha mbele ambamo sijawahi kulala. Nikafikiria Baba. Halafu nikafikiria wewe ndani ya lango la jela, na wanao wanaletwa kukuona, na Baba analetwa kukuona.

Nikasema ni yangu.

Akaniuliza tena, nikasema tena. Akaandika.

Notisi itabandikwa. Wanasema mnada ni Januari kama pesa hazikupatikana, nazo hazitapatikana. Sijutii nilichosema, usije ukafikiri nakuandikia kukudai shukrani. Nakuandikia kwa sababu ni wewe tu ninayeweza kumwambia.

Dada yako


9 Novemba 1996

Kwa Dada,

Barua yako imenikuta. Niko kwenye kiwanda cha mbao, mbali, napanga magogo yanayosubiri msumeno. Tunalala kumi na wawili katika bweni moja. Jina langu hapa hakuna anayelijua, wananiita Mgeni.

Niseme yote. Ni mimi niliyeiandika ile sahihi. Unakumbuka nilijifunza kuandika kwa kufuatisha daftari zako, penseli juu ya wino wako, kila jioni. Mwandiko wangu ni wako. Siku ile chama walitaka mdhamini mwenye mshahara, na maombi ya mkopo yalikuwa yanafungwa saa kumi. Nilijua nikikuomba utauliza maswali, na maswali yako huwa na majibu. Nikasema nitalipa kabla hajajua.

Lakini si hilo linaloniumiza zaidi. Nilimpeleka Baba kwa yule mzee wa taipureta kuchapa hati ya kukupa nyumba. Baba alikaa kando yangu kwenye kibao, mikono magotini, amefurahi kama mtoto. Yule mzee ni mjanja, akauliza, "Na huyu binti, jina lake halipo popote kwenye zile karatasi zako nyingine?" Dada, lilikuwepo. Nilijua lipo. Nilichotakiwa ni kusema "lipo" tu, angetuzuia pale pale. Lakini Baba alikuwa amegeuza uso kunisikiliza. Ningesemaje mbele yake kwamba nimeiba jina lako? Nikasema halipo. Baba akanipiga kwenye paja kwa furaha, akasema hati ichapwe. Kwa neno moja hilo nimeuza nyumba, na nimeiuza kwa aibu, si kwa shida.

Septemba nilipanda basi nije kwako. Nauli yako ilifika nusu ya njia, kisha nikaogopa kukutazama. Nilishuka.

Umelifunga lango la jela kwa mkono wako nisiingie, na mimi sina cha kukulipa. Kitu kimoja nitafanya. Baba nitamwambia mimi. Nitamwandikia barua yake mwenyewe, yenye kila kitu, na nitaileta kwako umsomee. Nipe muda kidogo niipange.

Naomba radhi. Neno ni dogo, sina kubwa.

Msumari


2 Machi 1997

Kwa mdogo wangu,

Mimi mzima. Baba mzima, ila amekonda. Wifi na watoto nimewaandikia, wamejibu, mkubwa sasa ni wa kwanza darasani.

Nyumba iliuzwa tarehe kumi na nne Januari. Nilikwenda. Nilimkuta Baba amekaa kwenye kile kibaraza kilichoinama, amevaa koti la kifungo kimoja, sijui nani alimwambia alivae. Dalali alisoma kwa sauti mbele ya mtaa mzima. Alisoma nyumba ni ya nani na inauzwa kwa deni la nani, na mara zote mbili lilikuwa jina langu. Baba akageuza uso kutafuta nilipo. Hakunipata kwa macho, akanipata kwa sauti maana nililia. Akaniuliza mbele ya watu, "Mama, ulikopa?"

Nilitazama ile barabara kama utatokea. Halafu nikasema, "Ndiyo, Baba."

Tangu siku hiyo haniiti mama. Nimemleta hapa kwangu, kitanda nimempa yeye, mimi natandika karibu na mlango. Anakula ninachopika, anashukuru chakula, hanishukuru mimi. Asubuhi anapapasa ukuta wa hiki chumba cha kupanga na kusema plasta imepigwa na mlevi. Nikiondoka kwenda kazini hajibu kwaheri. Nikirudi namkuta amekaa vile vile nilivyomwacha, na uso ameuelekeza ukutani. Yale maneno yake niliyoyatia kwenye kitambulisho bado ninayo, lakini siyasomi.

Barua uliyoahidi kumwandikia nimeingoja tangu Novemba. Kila juma napita posta. Sikulaumu, najua ni ndefu kuipanga.

Jana alinivunjia ukimya. Alisema nichukue kalamu, anataka kukuandikia. Nimeandika kama alivyotamka:

"Mwanangu, nakusalimu. Mimi bado nipo hai. Najua uliondoka kwa hasira baada ya mimi kutoa nyumba, na ulikuwa na haki, ingawa siku ile ulicheka ili kunifurahisha. Watu wa zamani walituambia mtoto wa kike ni mgeni, nikajifanya najua kuliko wao. Nyumba ningekuachia wewe tungekuwa nayo mpaka leo. Nisamehe. Dada yako usimchukie, ni tamaa tu ilimwingia, na bado ananilisha. Kama huko uliko una hata pembe ya chumba, nichukue. Hapa nakaa kwa aliyeniuza. Baba yako."

Aliniambia nimsomee. Nikamsomea. Akasema pale kwenye kusamehe nisome tena, nikasoma tena. Sikubadilisha neno.

Anasubiri jibu. Leo nilipoingia tayari ameniuliza kama umeandika, na hilo ndilo neno pekee aliloniambia. Macho yake ndiyo hayo, na hana msomaji mwingine ila mimi. Mwandikie utakavyo. Ukimwambia ukweli, nitamsomea. Ukimwambia umemsamehe, nitamsomea pia.

Dada yako